Betri imekufa kabisa kwenye gari ya kisasa yenye nguvu: nilivyobadilisha mwenyewe (uzi mrefu)

#1 (mwenye uzi)

Wakuu habari zenu. Naleta hii kwa wenye coupe (za milango miwili) na sedani za turbo za kisasa, zile ambazo kila kitu ni umeme kuanzia kitasa cha mlango mpaka hendibreki. Wiki iliyopita nimebadilisha betri mwenyewe baada ya gari kuzima jumla, na kuna mambo manne matano ambayo laiti ningeyajua kabla nisingehangaika siku mbili. Vumilieni urefu.

Gari ni ya Kijerumani, milango miwili, silinda 6, turbo mbili, gia otomatiki. Betri iko nyuma kwenye buti upande wa kulia, chini ya kapeti. Niliiacha imepaki wiki 3. Narudi nabonyeza rimoti, kimya. Nasogea karibu nabonyeza tena, kimya, hata taa ndogo ya kwenye kitasa haiwaki.

Kwenye magari ya zamani hapo unafungua boneti, spana namba 10, dakika chache umemaliza unaenda zako. Huku mtihani wa kwanza ni kuifikia hiyo betri. Mlango unafunguka kwa umeme, buti linafunguka kwa umeme, na betri imo ndani ya buti. Yaani ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake.

Mlango kwanza. Ndani ya rimoti kuna kifunguo cha chuma, kuna kitufe kidogo pembeni ukikisukuma kinachomoka. Tundu lake liko kwenye kitasa cha dereva, na kwenye magari mengine limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki chenye rangi ya bodi, kwahiyo usije ukasema gari yako haina, angalia vizuri chini ya kitasa.

Sasa hapa ndipo nilipokaribia kuharibu. Milango ya coupe nyingi haina fremu juu, kioo kinasimama peke yake. Ukivuta kitasa kioo kinashuka kidogo, kama sentimita moja hivi, ili kitoke kwenye raba, ukifunga kinapanda kinaingia tena kwenye raba. Betri ikifa kioo hakishuki. Nilipovuta mlango nikasikia kioo kinakwaruza raba, kinatoka kwa shida kama kimegandishwa. Nikavuta taratiiibu huku mkono mwingine umekishika kioo kwa juu nikikisukuma nje kidogo, kikatoka. Mikono inatetemeka wakuu. Na ukishatoka USIUFUNGE. Ukiubamiza kile kioo kinagonga ukingo wa paa kikiwa kimesimama juu na unaweza kukipasua. Mimi nilikunja taulo nene nikaliweka kwenye loki ya mlango, mlango ukakaa wazi mpaka umeme uliporudi.

Boneti bahati nzuri kwenye gari yangu inavutwa kwa waya wa kawaida kutoka ndani, haitegemei umeme. Na chini ya boneti wameweka sehemu ya kubusti, kuna kifuniko chekundu chenye alama ya jumlisha, ukikifungua kuna kichwa cha chuma kinachoenda moja kwa moja mpaka kwenye betri ya nyuma, na pembeni kwenye bodi kuna nati kubwa iliyowekwa makusudi kwa ajili ya hasi. Nikapima hapo kwa mita, volti 5.8. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni maiti.

Nikachomeka chaja hapo mbele. Chaja nyingi za kisasa zikikuta volti iko chini sana zinagoma kuanza, zinaona kama hakuna betri. Yangu ina sehemu ya kulazimisha, nikaiminya, baada ya dakika kama 10 taa za ndani zikaanza kuwaka kwa unyonge, kioo kikashuka kidogo chenyewe (nilifurahi utadhani nimezaliwa upya), nikabonyeza buti likafunguka. Buti nalo usilifunge mpaka kazi iishe, ukilisahau likajifunga wakati betri imetolewa utarudi mwanzo.

Nikaichaji usiku kucha. Asubuhi chaja inasema imejaa. Nikaichomoa, nikaiacha masaa 4 bila kugusa kitu, nikapima: 11.9. Betri ya aina hii ikijaa inatakiwa isome 12.8 na zaidi ikiwa imetulia. Nikabonyeza kuwasha huku mita imechomekwa, ikadondoka mpaka 8 na kitu, ikapiga tik tik tik tik, dashibodi ikawaka kama mti wa taa na kila onyo unalolijua. Hapo nikakubali. Nikaangalia lebo, ina miaka 7. Imefanya kazi yake.

Nitaendelea na jinsi nilivyoitoa, ngoja nipate chai kwanza.

#2

Mkuu hii imenikuta juzi juzi hapa, mimi nilifunga mlango kwa nguvu na kioo kikatoka kwenye reli yake. Watu wasikupuuze kabisa hapo kwenye taulo.

Swali: fundi kaniambia niweke betri kavu ya kawaida (isiyoongezwa maji) ya Ah zilezile (kiasi cha umeme inachobeba), anasema hizi za AGM ni biashara tu ya watengenezaji. Kuna ukweli?

#3 (mwenye uzi)

Pole sana kiongozi.

Hapana, usifanye hivyo kama gari ilitoka kiwandani na AGM. Ngoja nieleze ninavyoelewa. Betri ya kawaida ndani asidi imekaa kama maji, inacheza. AGM asidi imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya sahani za risasi, haimwagiki hata ukiilaza ubavu, inapokea chaji haraka na inavumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi kwa siku. Magari haya yana ile ya kuzima injini kwenye foleni na kuwasha tena, na altaneta yake (inayotengeneza umeme injini ikiwaka) ni janja, inalala ukiwa unakanyaga mafuta ili injini isibebe mzigo halafu ukiachia inaichaji betri kwa nguvu. Betri ya kawaida ukiipa maisha hayo unaimaliza mapema sana.

Na ya pili, betri ikiwa buti unapanda nayo chumba kimoja. Betri ikichajiwa inaweza kutoa gesi ya haidrojeni, na hiyo inashika moto kwa cheche ndogo tu. Ndio maana pembeni ya betri kuna kimrija chembamba cha plastiki kinachotoa gesi nje ya gari. Unapoweka betri mpya hakikisha hicho kimrija umekirudisha kwenye tundu lake na tundu la upande wa pili limezibwa na kizibo chake. Watu wengi wanakisahau kinabaki kinaning'inia kwenye kapeti. Kitu kidogo lakini kwa kweli ndicho kinachoniudhi kuliko vyote nikikuta gari ya mtu iko hivyo.

Kwenye kununua angalia vitu hivi kwenye lebo ya ile ya zamani: aina (AGM, au EFB yaani ya maji iliyoimarishwa, au ya kawaida), Ah, nguvu ya kuwashia CCA, na ukubwa wa boksi. CCA angalia na kipimo chake, EN na SAE na DIN hazitoi namba sawa kwa betri ileile, kwahiyo linganisha EN na EN. Ukubwa wa boksi hizi za Ulaya upana ni milimita 175 na kimo 190, kinachobadilika ni urefu: L3 ni 278, L4 ni 315, L5 ni 353. Wengine wanaziita H6, H7, H8, ni zilezile. Yangu ilikuwa L4 ya Ah 80. Pia angalia chanya iko kushoto au kulia maana nyaya hizi ni fupi hazivutiki.

Na ipime hapohapo unaponunua. Betri ikikaa sana rafuni inajimaliza yenyewe polepole. Ikisoma chini ya 12.5 mwambie muuzaji akupe nyingine.

#4

Naomba nichangie kitu kabla watu hawajakimbilia kununua. Mimi nimebadilisha betri MBILI ndani ya mwaka mmoja nikidhani ni betri mbovu. Ya pili ikafa ndani ya wiki mbili tu za kupaki. Nikajiuliza inawezekanaje kitu kipya. Kumbe kamera ya dashi niliyofungiwa iliunganishwa kwenye fyuzi ambayo ina umeme muda wote, gari ikizimwa yenyewe inaendelea kula. Ilikuwa inakula miliampia 250 usiku na mchana.

Piga hesabu, 0.25 mara masaa 24 ni Ah 6 kwa siku. Betri ya Ah 80 hata iwe mpya na imejaa inaisha ndani ya siku 13. Na gari haihitaji iishe yote, ikifika nusu tu kwenye injini kubwa unaanza kusikia stata inavuta kwa uchovu.

Kwahiyo pimeni kwanza nani anakula umeme. Na msipime haraka. Hizi gari ukizima hazilali papo hapo, kompyuta zake zinaendelea kuongea zenyewe kwa zenyewe, nyingine zinachukua nusu saa hata saa zima kulala. Fungua boneti au buti halafu sukuma loki kwa bisibisi ijifunge ili gari iamini pamefungwa, funga gari kwa rimoti, peleka rimoti mbali, subiri. Baada ya hapo ikiwa inakula chini ya miliampia 50 uko salama, ikiwa mia na kitu kuna jambo.

Na njia nzuri ya kumjua mwizi bila kuchomoa fyuzi, kwasababu ukichomoa na kurudisha unaziamsha kompyuta unaanza kusubiri upya: kila fyuzi ina vidoa viwili vya chuma juu mgongoni. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoa viwili. Ikisoma sifuri hapo hakuna umeme unaopita. Ikisoma kitu, huyo anakula, fuatilia waya wake. Mimi nilipitia fyuzi zote moja moja mpaka nikafika kwenye ile, ikasoma, nikacheka peke yangu gizani.

Tahadhari, ukiunga mita kwa mfululizo kwenye waya wa hasi usithubutu kuwasha gari, stata inavuta mamia ya ampia na mita nyingi mwisho wake 10. Utaunguza mita.

#5 (mwenye uzi)

Huyu mkuu hapo juu amemwaga madini, someni mara mbili. Mimi nilipima baada ya kubadilisha nikakuta miliampia 22, kwahiyo kwangu ilikuwa uzee tu. Hata gari nzima ikila 50 ni Ah 1.2 kwa siku, wiki 3 ni Ah 25. Betri mpya inavumilia, yangu ya miaka 7 ambayo pengine ilikuwa imebaki na uwezo wa nusu ndio ikaanguka.

Sasa kutoa na kuweka.

Kabla ya yote vua saa na pete. Sio mapambo ya maneno hii. Pete ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inakuwa nyekundu kwenye kidole chako kabla hujavuta mkono.

Gari iwe kwenye P mahali ambapo itabaki, maana bila umeme hendibreki ya kitufe haiachii na gia haitoki P, huwezi hata kuisogeza mita moja. Zima kila kitu, iache ilale.

Anza na HASI. Nati namba 10. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari ni hasi, ukianza na chanya na spana yako ikagusa chuma cha bodi umetengeneza shoti ya betri nzima kupitia spana. Ukishatoa hasi, spana ikiwa kwenye chanya ikagusa bodi hakuna kitu.

Kwenye hasi ya magari haya kuna kiboksi kidogo cheusi kimeungana na kibano, kina waya mwembamba unaokwenda kwenye kompyuta. Hiyo ni sensa ya betri, inapima volti, ampia na joto. Usiingize bisibisi chini yake ukapandisha kama unafungua chupa, imeungwa kwa kiungo kidogo na inavunjika. Nati ikilegea kibano kizungushe taratibu kushoto kulia kwa mkono, kitapanda chenyewe. Yangu ilikuwa imekaza nikazungusha kama dakika 5 hivi, milimita kwa milimita.

Hasi ikitoka ivishe kitambaa na uibane pembeni isirudi kugusa. Halafu chanya. Kwenye BMW na ndugu zake kibano cha chanya kina kifaa cha mlipuko mdogo ambacho gari ikigongwa kinakata umeme wa waya mnene wa injini ili kusitokee moto. Kwahiyo usigonge nyundo wala usivute kwa hasira. Baadae chomoa kimrija cha gesi, fungua kile chuma kinachoshika betri chini (kwangu namba 13 na inataka soketi ndefu kwasababu bolti iko shimoni), halafu nyanyua.

Kunyanyua jamani. AGM ya L4 ni kama kilo 23, na iko ndani ya shimo huku wewe umeinama juu ya bampa. Mgongo hauko kwenye hali nzuri kabisa hapo. Nilipiga goti moja kwenye ukingo wa buti nikiwa nimeweka blanketi, nikaishika mkanda wake, nikaivuta kwanza mpaka ukingoni ndio nikaibeba. Kama mgongo wako una historia muite mtu.

Kurudisha ni kinyume: betri, chuma cha kushikilia ikaze kabisa (betri inayocheza inakufa kwa mtikisiko), kimrija, CHANYA, mwisho HASI. Hasi ikigusa utaona kicheche kidogo, kawaida, ni kompyuta zinajaza umeme wake. Gusa mara moja kwa uhakika, sio unagusa unaachia unagusa unaachia. Na usikaze kwa nguvu zote, vichwa vya betri ni risasi, laini. Nyutoni mita 5 hivi zinatosha, yaani mkono wa ratcheti ndogo bila kujikamua.

#6

Mwenye uzi vipi kuhusu kusajili betri mpya kwenye kompyuta ya gari? Mimi yangu nilibadilisha mwaka juzi sikusajili chochote na inatembea. Naona kama watu wanatishana tu.

#7 (mwenye uzi)

Itatembea mkuu, siwezi kubisha, itawaka na utaenda nayo popote. Ngoja nikueleze kwanini mimi nimesajili na ningekushauri usajili hata leo.

Ile sensa ya kwenye hasi imekuwa ikiipelekea kompyuta taarifa za ile betri ya zamani kwa miaka yote 7. Kompyuta inajua imezeeka, inajua haipokei chaji kama zamani, na imepanga namna ya kuichaji kulingana na hiyo hali. Ukiweka mpya bila kusema kitu, kompyuta haijui. Inaendelea na mahesabu ya mgonjwa kwa mtu mzima wa afya. Matokeo yake betri mpya inachajiwa isivyo, inaishi muda mfupi kuliko inavyotakiwa, na wakati mwingine gari inaanza kukata vitu kama joto la viti au inagoma kuzima injini kwenye foleni kwasababu inaamini betri ni dhaifu. Wewe unaona gari ina kisirani, kumbe inalinda betri ambayo haipo tena.

Kusajili chenyewe ni dakika 2. Mimi nimetumia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la OBD (la kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani na programu ya simu. Kuna tofauti moja watu wanaichanganya: kama umeweka betri ya aina ileile na Ah zilezile, unasajili tu kwamba ni mpya. Kama umetoka 80 kwenda 95, au umetoka betri ya kawaida kwenda AGM, unabadilisha kwanza na taarifa za betri kwenye kompyuta, halafu ndio unasajili.

Hii sio ya BMW peke yake. Toyota GR Supra iliyotoka 2019 imejengwa pamoja na BMW Z4, injini na umeme ni wa kule, kwahiyo nayo inataka kusajiliwa. Audi na VW zenye usimamizi wa umeme unaingiza Ah, mtengenezaji na namba ya betri. Mustang nazo za kuanzia 2015 zina sensa kwenye hasi na inarisetiwa. Kuna magari mengine hayahitaji kabisa, soma kitabu cha gari yako.

Kitu kingine kinachohusiana na hiyo sensa: unapochaji au kubusti, hasi ya chaja iweke kwenye bodi, ile nati niliyosema, usiibane kwenye kichwa cha betri chenyewe. Ukibana kwenye kichwa umeme unaingia bila kupita kwenye sensa, kompyuta haijui kwamba betri imejazwa.

#8

Wenye Porsche 911 mniruhusu niongeze yenu, maana kwenu betri iko mbele na kifuniko cha mbele nacho kinafunguka kwa umeme, kwahiyo mtego ni uleule upande mwingine. Suluhisho liko kwenye boksi la fyuzi miguuni kwa dereva. Kuna kichwa cha chanya cha kuvuta nje, ukikivuta kinatokeza. Unabana chanya ya betri ya msaada hapo, hasi unabana kwenye chuma cha loki ya mlango, halafu unabonyeza rimoti na kitufe cha kufungulia mbele. Alamu inaweza kulia, usishtuke. Hiyo njia ni ya kufungulia TU, waya wake ni mwembamba, usijaribu kuwashia injini hapo.

Halafu wale wa lithiamu. Porsche walianza kuiuza kama nyongeza kwenye 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder 2010, ilikuwa chini ya kilo 6, zaidi ya kilo 10 pungufu ya ile ya risasi ya Ah 60. Na wenyewe walisema chini ya nyuzi sifuri uwezo wake wa kuwasha unapungua, ndio maana gari lilikuja na ya kawaida pia. Ninachotaka kusema, kama gari yako ina lithiamu usiisome kama ya risasi. Lithiamu aina ya fosfeti iliyotulia inasoma 13.2 mpaka 13.4 hivi, ukiona 12.8 ujue iko chini sana. Na ikisoma SIFURI usiitupe, nyingi zina kinga ndani inayokata zenyewe zikiisha, chaja yake maalumu inaiamsha. Usiiwekee chaja ya risasi yenye ile hatua ya kurekebisha inayopandisha volti mpaka karibu 16, utaiua kweli. Hata AGM usiwekee hiyo, mwisho wake ni 14.8.

#9

Swali la haraka, nikiweka kile kifaa cha kutunza kumbukumbu kwenye OBD wakati natoa betri nitaepuka taa kuwaka?

#10 (mwenye uzi)

Unaweza, ila mimi sipendi. Ukiweka hicho kifaa waya wa chanya unabaki na umeme wakati umeushika mkononi na unaupitisha karibu na bodi. Ukigusa umepata shoti, na unayemuumiza ni kompyuta. Kwa ajili ya kuokoa saa na stesheni za redio haina thamani.

Hizi ndizo zilizonitokea baada ya kuunga betri mpya, ili usiogope ukiziona: saa na tarehe zilirudi mwanzo. Taa ya kuzuia kuteleza, ya usukani na ya presha ya tairi ziliwaka zote kwa pamoja. Nikawasha gari, nikazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, nikarudisha katikati, nikaendesha kidogo polepole zikazima moja baada ya nyingine, presha ya tairi ikabidi niisetie upya kwenye menyu. Vioo vilikuwa havipandi kwa mguso mmoja, nikavishusha vyote, nikapandisha huku nimeshikilia kitufe sekunde kadhaa baada ya kufika juu, vikakumbuka. Fanya hii ya vioo kabla hujabamiza mlango wowote, kwa sababu ileile ya post ya kwanza. Injini nayo siku ya kwanza ilikuwa inanguruma juu chini kidogo gari ikisimama na gia inabadilika kwa mshituko mdogo, kesho yake ikawa imejirekebisha.

Kama taa inabaki siku mbili tatu, soma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta), futa, angalia kama inarudi. Kodi za volti ndogo zitakuwa nyingi sana, kwangu zilikuwa 31, kila kompyuta inalalamika kivyake. Nilizifuta zote, haikurudi hata moja.

#11

Na altaneta ulipima? Maana isije ikawa inaua na hii mpya.

#12 (mwenye uzi)

Nilipima ndiyo. Hapa napo kuna mtego, kwenye gari ya zamani ukiona 14.2 injini ikiwaka unasema altaneta nzima. Hizi janja betri ikishajaa zinaweza kushusha mpaka 12 na kitu ukadhani imekufa, na ukiachia mafuta ukiwa kwenye mwendo zinapanda hadi karibu 15. Kwahiyo nilipima asubuhi gari ikiwa baridi nimewasha taa kubwa, feni na joto la kioo cha nyuma kwa pamoja, ikatoa 14.4 ikatulia hapo. Iko sawa.

Ile ya zamani nimeirudisha kwa muuzaji wa betri, usiiache uani wala kuitupa, ndani ni risasi na asidi na inayeyushwa kutengenezewa nyingine.

Kwa sasa nikijua napaki zaidi ya siku 10 naichomeka kwenye chaja ndogo ya kutunzia, chanya kwenye kile kichwa cha mbele na hasi kwenye nati ya bodi. Nimepima leo asubuhi kabla sijagusa mlango, siku ya 6 imepaki bila chaja: 12.7. Jumamosi nitapima tena niwaletee namba.